Hatua Ishirini na Mbili Hadi Chooni

Ijumaa, 2 Agosti 2024. Kambini, nje kidogo ya Lizaboni, Songea.

Mwaka mmoja, miezi mitano na siku kumi tangu niondoke Laela. Nilimwambia mke wangu ni kazi ya miezi mitatu, barabara ikiisha narudi. Barabara haijaisha. Ninayekwisha ni mimi.

Leo nyapara Kassimu katusimamisha baada ya kazi, vumbi bado kwenye kope. Akasema wiki ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, wenye familia wanaruhusiwa kuzileta. Kampuni itatoa maturubai, kila mtu ajisimikie hema lake uwanja wa nyuma. Nafasi hazigawiwi. Atakayetangulia kupigilia vigingi kesho asubuhi, pale ni pake. Wasio na familia wasichungulie za wenzao.

Nimempigia Oliva, mke wangu. Akasema atakuja na watoto, na mama yake atakuja pia. Nikasema mama sikumwalika. Akasema mama hangoji kualikwa, anataka kuona kwa macho yake mwanamume aliyemchukua binti yake anaishi vipi. Akiridhika, Oliva na watoto wanabaki huku. Tutapanga chumba Bombambili, tuishi kama watu. Asiporidhika, wanarudi wote Laela, na habari ya Songea nisiifungue tena kinywani.

Nikauliza mama anataka kuona nini hasa ili aridhike. Oliva akasema mama ana swali moja tu: choo kiko umbali gani? Sukari yake imepanda na magoti yamekwisha. Anakwenda kila baada ya muda mfupi, na akibanwa hangoji.

Basi ndoa yangu imefika chooni. Afadhali. Choo kinapimika kwa hatua.

Nimekwenda kupima. Choo chetu ni cha mabati, matundu manne yaliyopangana, bafu mbili kwa nyuma. Kutoka mlango wa tundu la kwanza hadi sehemu tambarare pembeni ya lundo la kokoto ni hatua ishirini na mbili. Hakuna mwinuko, hakuna mtaro wa kuruka. Nimepima mara tatu, mara ya mwisho nikitembea kama mtu mwenye magoti mabovu. Kugeuka, namwona Valence naye anapima.

Valence ni Mmatengo wa Mbinga. Tunasukuma matoroli pamoja. Kwao anafika kwa basi moja, kila mwisho wa mwezi yuko nyumbani, na bado analalamika kwamba amemkumbuka mkewe. Anapiga mluzi akiwa kazini. Simpendi.


Jumamosi, 3 Agosti

Nimeamka mapema kabla ya jogoo wa mpishi. Baridi ya Agosti hapa inauma kama deni. Nimefika kwenye lundo la kokoto na vigingi vyangu vinne, nikakuta vigingi vinne vya Valence. Vimenyooka vizuri. Mwenyewe amekaa katikati anakunywa chai.

Kaniita Panki. Jina langu ni Pankrasi. Kasema, Panki, Wafipa mnalala sana, sisi kwetu mtu anayelala mpaka saa hizi anapelekwa hospitali.

Nikatafuta la kumjibu. Likaja lenyewe. Nikamwambia kwa huruma kwamba pale alipokaa palikuwa na choo cha zamani, cha kambi ya kwanza, kikafukiwa haraka haraka. Mvua moja tu, au mtu mmoja mnene, pale panazama. Nikamwambia mimi nawafikiria watoto wake watano.

Akaweka kikombe chini polepole. Akasimama kama mtu aliyekalia mayai. Akang'oa vigingi vyake, akanishukuru, akasema kumbe Panki una moyo. Akahamia upande wa pili, nyuma ya bafu, mbali kabisa na milango ya choo.

Nikapigilia vyangu. Saa mbili akarudi na vibarua wengine sita kuniuliza mbona sasa mimi niko hapohapo. Nikasema mimi ni mwepesi. Wakatazamana. Valence akaniuliza mama mkwe wangu naye ni mwepesi? Nikasema wanaokonda kwa sukari hawazami. Mmoja akacheka mpaka akakaa kwenye kokoto.

Wacheke. Hatua ishirini na mbili ni zangu.


Jumapili, 4 Agosti

Nimetoka Misa nikaenda kusimika turubai. Limesimama vizuri. Mlango nimeuelekeza moja kwa moja kwenye choo, ili mama asihangaike kuzunguka.

Saa saba upepo ukaanza. Wiki hizi unavuma kutwa, na unavuma kutoka upande mmoja tu. Unatoka kwenye matundu, unapita hatua ishirini na mbili, unaingia kwangu, unakaa.

Bi Ashura, mpishi wetu, mama wa Tunduru, kapita na sufuria kichwani akasimama. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia huku ameshika pua. Akasema Subhanallah, mwanangu, hata mbuzi wangu hawalali hapa. Akanionyesha upande wa Valence. Upepo haufiki kule, na nyuma ya bafu kuna bati limeng'oka, mtu anapenya na kutokea chooni kwa hatua thelathini. Akaniuliza kwani mimi sikukagua? Nikasema nilikagua. Akasema basi ulikagua kwa miguu, pua ukaiacha kitandani.

Sihami. Nikihama Valence atajua. Nimekata matawi ya mkaratusi na kuyatundika ndani. Sasa panatoa harufu ya choo ambacho mtu ana mafua ndani yake.


Jumatatu, 5 Agosti

Leo nimebeba kokoto kutwa na kichwa kiko chooni. Asubuhi nilihesabu foleni. Matundu manne, watu sitini na mbili, na familia zimeanza kuingia. Mke wa Valence, anaitwa Jane, amefika na watoto wake watano na kila mmoja ana tumbo lake. Mama mkwe akibanwa atasimama nyuma ya nani? Nyuma ya wanaume wenye taulo shingoni?

Ukaribu peke yake hautoshi. Lazima na nafasi iwepo.

Jioni nimeenda dukani Lizaboni nikanunua kufuli. Ni dogo lakini zito. Lina funguo mbili. Moja imevunjika nikiijaribu. Nimelifunga tundu la kwanza, ndilo lenye mlango mzima na komeo la kweli, nikaandika kwa mkaa: TUNDU BOVU. HATARI.

Hakuna aliyeuliza. Watu wa kambi hii ukiwaambia kitu ni kibovu wanaamini palepale. Wamezoea.

Foleni ikawa ndefu zaidi. Nami nikasimama humo dakika arobaini, nikamsikia Valence mbele yangu akisema aliyeliharibu tundu la kwanza akikamatwa apewe jembe achimbe jingine. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote.


Jumanne, 6 Agosti

Wamefika. Siku mbili ndani ya mabasi, Mbeya, Makambako, mpaka stendi ya hapa. Oliva kakonda. Naye kanitazama mikono yenye sugu.

Mama mkwe alishuka wa mwisho. Nilichuchumaa pembeni, uso nimeugeuzia ukutani kama inavyotakiwa kwetu, nikampa shikamoo mama. Akamwambia Oliva amwambie baba Urban marahaba. Hivyo ndivyo tunavyozungumza, yeye na mimi, miaka minane sasa. Maneno yanapita kwa Oliva kama maji kwenye bomba.

Urban ana miaka saba, alinishika mkono akauliza barabara yangu iko wapi. Fausta ana miaka mitatu. Alijificha nyuma ya kanga ya mama yake. Alipolazimishwa akaniambia shikamoo mjomba. Watu wa stendi walicheka. Nami nikacheka, ili isionekane.

Kambini mama akasimama mlangoni mwa hema. Akauliza kupitia Oliva: kiko wapi? Nikanyoosha kidole bila kutazama. Akaenda na Oliva, niliyekwisha kumpa ufunguo. Akarudi. Nikahesabu vidole vyangu. Oliva akaja akasema mama anasema, mwambie baba Urban hapo ameona mbali, na mlango unafungika.

Nilitoka nikaenda nyuma ya lundo la kokoto nikakaa peke yangu kidogo. Mwaka mmoja na miezi mitano hakuna aliyeniambia nimefanya kitu vizuri.

Jioni ndipo nilipokumbuka. Kwetu mkwe hatajiwi choo. Humwoni akienda. Akitoka kuelekea huko, wewe unageuka. Na maji ya kunawa humwekei wewe. Mimi nimeweka mlango wa hema ukitazamana na mlango wa choo. Kila nikikaa nje, mama hatoki. Kila mama akitoka, mimi nageuka. Kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili nimegeuka mara sita. Valence alikuwa anapita na toroli, akauliza, Panki, kwani unasali Misa ya nani?


Jumatano, 7 Agosti

Watu wameanza kuuliza kwa nini tundu bovu linapokea wageni kutoka Sumbawanga. Nikaeleza kwamba ni bovu kwa uzito wa wanaume. Mnene mmoja akakasirika.

Mchana niko mtaroni naletewa habari kwamba watoto wa Valence wanaonekana wakitoka tundu la kwanza, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na furaha. Nikaacha sepetu nikaja. Oliva ndiye aliyempa Jane ufunguo. Akasema Jane aliomba kistaarabu, na amewaletea watoto wetu mihogo ya kuchemsha. Hata mama leo asubuhi alikwenda kukaa kwa Jane, kule hakuna harufu.

Kwa Valence. Mama mkwe wangu anakaa kwa Valence.

Nikauchukua ufunguo nikautia mfukoni. Nikatangaza kwamba kuanzia leo unakaa kwangu, anayehitaji aombe kwangu. Oliva akauliza, na mama? Aje akuombe wewe choo? Nikasema mama atakwambia wewe, wewe utaniambia mimi, mimi nitakupa wewe, wewe utampa mama. Ni utaratibu mfupi. Oliva akauliza, na nikiwa sipo? Nikamwambia asibuni matatizo.

Akaniangalia kama anavyoangalia mahindi yaliyoingia wadudu.


Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane.

Naandika upesi ili nimalize.

Leo hatukufanya kazi. Bi Ashura alipika pilau kwenye masufuria matatu. Kambi nzima ilikuwa uwanjani, wake na watoto, redio inaimba. Oliva aliwapeleka watoto kuona soko kuu. Mama alibaki kwa sababu ya magoti. Jane alikuwa anasaidia kukatakata vitunguu.

Mimi nilikaa nje ya hema langu, nimevaa shati la Misa. Nilikuwa nimeridhika. Kesho kutwa mama alitakiwa kutoa neno lake, na Oliva asubuhi alishaniuliza vyumba vya Bombambili vikoje, kama vina uzio.

Nikasikia turubai linafunguliwa. Mama anatoka. Nikageuka upesi, uso kwenye kokoto, kama mkwe mwenye adabu. Nikasikia kandambili zake zinakwenda. Moja, mbili, tatu. Nilizihesabu hadi ishirini na mbili.

Halafu nikasikia komeo linagonga. Likagonga tena. Likagonga haraka haraka.

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe.

Sikuwa na la kufanya. Kumpelekea siwezi, mlangoni mwa choo, mbele ya watu wote, mkwe anamfungulia mkwe! Kumwita siwezi. Ningemwita niseme nini? Nilimpungia mkono Bi Ashura bila kugeuka. Akanipungia na mwiko, akidhani nasifia pilau. Matundu mengine matatu yalikuwa na foleni ya wanaume. Mama asingesimama hapo. Mama hakusimama hapo. Alibaki anagonga.

Nikaona nirushe ufunguo. Uanguke miguuni pake, auokote, isionekane umetoka kwa nani. Nikarusha kinyumenyume, juu ya bega, maana kutazama hairuhusiwi. Nikasikia bati limelia. Nikasikia sauti ya nyapara Kassimu ndani ya tundu la pili, ambalo halina paa, akiuliza ni nani anamtupia vyuma akiwa katika shughuli zake. Kisha nikasikia ufunguo unaanguka mbali sana, chini sana.

Hapo nikageuka. Ndiyo, nikageuka. Nikaona nisichotakiwa kuona.

Valence alikuja anakimbia na nyundo ya mawe. Pigo moja kufuli likafunguka, lilikuwa la hovyo. Lakini mama alikuwa amechelewa. Sitaandika zaidi. Ninaandika tu kwamba Jane alivua kanga yake ya juu, akamfunga mama kiunoni, akamwongoza bafuni akizungumza naye habari za vitunguu, kama vile wanakwenda kuosha vyombo. Redio iliendelea kuimba. Watu walitazama pilau. Hata yule mnene alitazama pilau.

Mama hakulia. Alipita karibu yangu akirudi. Sikugeuka, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kugeuka.


Ijumaa, 9 Agosti

Mama amelala kwa akina Valence, hema la nyuma ya bafu. Oliva naye. Watoto nao. Mimi nimelala na matawi ya mkaratusi.

Asubuhi Oliva alinijia, akasimama kwenye kokoto. Akaniletea neno la mama. Mama anasema, mwambie baba Urban nilimuuliza swali ambalo si lenyewe. Nilimuuliza choo kiko umbali gani. Ningemuuliza ufunguo anao nani.

Nikasema kufuli nililiweka kwa ajili yake. Oliva akasema anajua. Akasema hilo ndilo linalomchosha: kila kitu ninafanya kwa ajili yao, na kila nikikifanya wao wanabaki nje ya mlango. Akasema aliniambia, na nikiwa sipo? Nikasema nani angejua. Akasema, baba Urban, mimi nilijua.

Nikamwambia bado tunaweza kwenda kuona vyumba Bombambili leo, viwili vina choo cha ndani. Nilivikagua. Akaendelea kukunja nguo za Fausta.

Mchana nyapara kaniita. Hakupiga kelele. Kasema ule ufunguo ulimpita sikioni. Kasema kwa kuwa napenda sana mambo ya choo, kuanzia Jumatatu nitachimba kipya, matundu mawili, futi kumi na mbili, peke yangu, baada ya saa za kazi. Valence aliomba anisaidie. Nikakataa. Akapiga mluzi akaondoka, lakini mluzi wenyewe ulikuwa wa huzuni, na hilo liliniudhi zaidi.


Jumamosi, 10 Agosti

Basi liliondoka saa kumi na mbili. Valence ndiye aliyebeba mfuko wa mama, mimi sikuruhusiwa kuukaribia. Mama alimpa mkono, akamwita mwanangu. Kwa mdomo wake mwenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Urban aliuliza kama barabara ikifika Laela nitakuja nayo. Nikamwambia ndiyo. Fausta nilimbeba dakika kama tatu. Alikuwa ameanza kunizoea, alikuwa anachezea kifungo cha shati. Nilipomrudisha kwa mama yake akaniaga, kwaheri mjomba. Safari hii hakuna aliyemlazimisha, alisema kwa upendo kabisa.

Oliva alisema nikipata nafasi nipige simu. Alisema kama mtu anayemwambia fundi.


Jumapili, 11 Agosti

Nimekaa hemani kutwa nikifikiri kwa utulivu. Nataka nijue kosa lilikuwa wapi.

Kosa la kwanza ni kufuli. Kufuli la maana lina funguo tatu. La pili ni Oliva kwenda sokoni siku ile. La tatu ni tundu la pili kukosa paa, na hilo ni la kampuni. La nne ni Valence, kwa kuwa na nyundo karibu. Nimetafuta la tano sikuliona.

Mama amedhalilika mbele ya watu. Basi heshima yake lazima irudishwe mbele ya watu. Hili liko wazi, nashangaa sikuliona mapema.

Leo mchana nilitembea hadi Bombambili. Kuna duka linauza viti vya choo, vile vyeupe vya kukalia, vina mfuniko na mpini wa kushika. Magoti yake hayatapata shida tena. Nitanunua kimoja na kukifunga utepe. Nitakipeleka Laela mwenyewe. Sitampa nyumbani kwa kificho, hapana, mtu atasema naona aibu. Nitamkabidhi uwanja wa kanisa siku ya Krismasi, watu wakitoka Misa, padre akiwepo. Nitaomba nafasi ya kusema machache, nieleze yote yaliyotokea siku ya Nane Nane, moja baada ya jingine, kuanzia kugonga kwa komeo, ili kijiji kizima kijue kwamba halikuwa kosa la mama, bali la sukari.

Nimemtumia Oliva ujumbe kwamba kuna zawadi kubwa inakuja, asimwambie mama, na awaalike shangazi zake wote. Amesoma. Bado hajajibu. Naona amefurahi hadi amekosa maneno.

Choo cha nyapara nitakuwa nimekimaliza kuchimba mwezi wa kumi na moja. Naondoka Songea tarehe 20 Desemba. Tarehe 22 jioni niko Laela, nimekibeba kichwani, waniwekee maji ya kuoga.